Bakuli Nyuma ya Mahakama

“Bakuli yangu iko wapi?”

“Lipo ndani, mama.”

“Ndani wapi?”

“Jikoni. Nimelifunika.”

“Ilete basi. Mi nasimama hapa hapa, sikai, siombi maji. Ilete niishike.”

Theodosia hakusogea. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba chake cha kupanga, madaftari ya wanafunzi kwapani. Hata hakujua kwa nini amedanganya. Bakuli halikuwa jikoni. Lakini utamwambiaje mwanamke kama Mama Sudi, mama wa mwanaume unayempenda, kwamba chombo chake kizuri umekifukia kwenye udongo?

Ua mzima, wapangaji wote wa Mama Sudi, ulikuwa umeacha kufua. Mtaa wa Nyamugari ndivyo ulivyo. Ukipiga chafya mlango wa kwanza, mlango wa sita wanakuombea afya.

“Mwalimu, mama anakuongelesha,” akasema Letisia wa mlango wa tatu, mikono yake imejaa povu. Habari ikipita mtaani bila kusimama kwake, Letisia huona amedhulumiwa.

“Acha, Letisia. Nitamsaidia mwenyewe.” Mama Sudi alivuta pumzi. Mtandio wake ulikuwa umeteleza, na viatu vyake vimejaa vumbi la njia yote ya mjini. “Kama bakuli yangu iko jikoni kwako, ile nimeona asubuhi hii kule tribinali, kwa mahakama, ni ya nani? Ya buluu, kifuniko cheupe, pembeni imeungua pale Sudi aliiweka karibu na mbabula ya makaa akiwa mtoto. Mfagiaji ameichimbua nyuma ya ukuta. Polisi iko anaifungua na kijiti.”

Madaftari yalimteleza Theodosia. Hakuinama kuyaokota.

“Ndani mlikuwa na karatasi,” Mama Sudi akaendelea. “Nambari mistari miwili. Juu ya nambari, viduara. Pembeni, vijiti vidogo vidogo. Mi nimesoma chuo cha Kurani, mwalimu, najua hesabu za falaki vile zinakaa. Na chini ya nambari polisi akasoma majina. Majina ya watoto.”

“Watoto gani?” Letisia akauliza.

“Nadia. Prosper. Upendo.” Mama Sudi akamgeukia polepole. “Na Vumilia wako.”

Letisia aliacha nguo ikazama yote kwenye beseni. Hakuna aliyesema neno. Theodosia alizaliwa na kukulia kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania, kabla baba yake hajawarudisha Muyinga, na kambini alijifunza mapema kwamba watu wengi wakipiga kelele hakuna neno. Wakinyamaza wote kwa pamoja, hapo anza kuogopa.

“Ni mchezo, mama,” akasema. “Ni mchezo wa darasa.”

“Mchezo wa kuzika majina ya watoto?”

“Hatuziki. Tunaficha. Wanafunzi wanatafuta kwa simu. Zile nambari ni za mahali, setilaiti inazisoma, simu inakuonyesha mshale. Ukilipata sanduku unasoma swali kuhusu Mahakama, unajibu, unaandika jina lako kwamba umefika, unalirudisha kama lilivyokuwa. Ni somo la uraia. Nilikuwa na sanduku la karatasi, mvua ikaliyeyusha, nikatafuta chombo chenye kifuniko cha kukaza.”

“Umesema iko jikoni,” Mama Sudi akasema taratibu. “Sasa unasema uliificha kule. Nishike lipi?”

Uongo hauna haya. Unakuja ukiwa na haraka, unaondoka unakuacha na deni la kuaminika.

“Tena nyuma ya tribinali,” Mama Sudi akasema. “Mahali kesi yangu iko. Miezi mitatu nakaa kwa ile benchi, nangoja waniite juu ya kiwanja cha marehemu mume wangu, hawaniiti. Shemeji yangu anapita ananicheka. Miezi mitatu najiuliza nani amenifunga na dawa. Kumbe chombo changu mwenyewe. Kumbe nilikupa na wali ndani.”

“Na mwanaye,” mtu akanong’ona kutoka kwenye kamba ya nguo. “Yule Sudi hali, halali. Amefungwa naye.”

“Kwetu Bukirasazi,” Letisia akasema, na midomo yake ilikuwa mikavu, “mtu wa hivyo haachwi afike jioni.”

Mwanaume mmoja aliyekuwa akitengeneza mpini wa jembe penye lango alisimama. Hakufanya kitu. Alisimama tu, na jembe mkononi. Theodosia aliuona mlango wake wa mbao, dirisha lake moja, pazia alilolishona mwenyewe, akaona jinsi vyote vinavyoweza kushika moto upesi.

Mama Sudi naye alimwona yule mwanaume.

“Kaa chini, we,” akamwambia. “Hakuna mtu anamgusa mtoto wa watu hapa. Mambo imetoka tribinali, itarudi tribinali. Polisi amesema mwenye chombo ajitokeze. Mi niliogopa kusema ni yangu. Sasa tunaenda wote, aseme mbele ya sheria. Letisia, twende, na we iko na mtoto kwa ile karatasi.”

*

Walitoka watatu, Mama Sudi mbele, Letisia akimshika Theodosia mkono juu ya kiwiko kama anayemvusha kipofu. Watu wa njiani waliwasalimia, Letisia akawajibu kwa kichwa tu. Letisia kujibu kwa kichwa. Hapo ndipo Theodosia alipojua jambo lenyewe ni kubwa kiasi gani.

Kitu kimoja kingemwokoa: barua ya ruhusa, yenye muhuri wa shule na muhuri wa Mahakama. Askari wa zamu aliisoma siku ya kuficha masanduku, Jumanne akacheka na wanafunzi walipokuja kuyatafuta, lakini askari huyo alikuwa amehamishiwa zamu nyingine. Na barua yenyewe ilibaki mfukoni mwa koti la Sudi, tangu jioni ile yeye na Theodosia walipokwenda kuyaficha.

Jioni ile. Alikumbuka Sudi akishika simu mbele yake, mshale ukizunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga, na vidole vyake vya fundi simu vikigusa vya Theodosia kila mshale ulipogeuka. Hakuna hata mara moja iliyokuwa bahati mbaya. Sanduku la mwisho alikataa kumwonyesha. Alimwambia afumbe macho, akapotea kwenye kona ya jengo, akarudi na udongo magotini. “Hili langu,” akasema. “Nambari nitakupa, mahali sikuambii. Nawe utafute, kama wanafunzi wako.” Akamtazama, akaendelea kumtazama, mpaka Theodosia akajifanya anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Simu yake ikaita.

“Nani?” Letisia akauliza.

“Shuleni,” akasema. Uongo wa pili, na saa nne haijafika.

“Theo,” Sudi akasema, sauti yake ya chini kama anaficha jambo kifuani. “Usiseme kitu. Niko kwenu.”

“Kwetu wapi?”

“Muyinga. Kwa Mzee Egidius. Nimekaa kwenye kiti cha kamba, shangazi yako ananikagua kama simu ya mtumba.”

“Ulisema unafuata vioo vya simu.”

“Vioo nimepata. Nimekuja kuomba na kingine.” Alinyamaza kidogo. “Baba yako hajakataa, Theo. Amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema, kijana, dini umeniambia, kazi umeniambia, sasa nataka sauti ya mama yako. Nimsikie kwa mdomo wake mwenyewe jinsi atakavyompokea binti yangu. Chakula kiko mezani, amekifunika. Amesema hatuli mpaka asikie.”

Theodosia alipunguza mwendo. Mbele yake mgongo wa Mama Sudi ulikuwa unakwenda wima, bila kugeuka.

“Sudi, asimpigie. Usimpe namba.”

“Nimeshampa.”

“Mwambie kesho.”

“Mtu amefunika chakula, nimwambie kesho? Theo, una nini? Unalia?”

“Ile barua ya ruhusa. Ipige picha unitumie sasa hivi.”

“Huku mtandao unapanda mlima kwa miguu, lakini nitajaribu. Niambie kuna nini.”

“Mwalimu,” Letisia akasema, akikaza vidole, “shuleni wanaongea sana leo.”

Theodosia akakata simu. Ndani ya pochi ya Mama Sudi, iliyobanwa kwapani, kulikuwa na simu ndogo ya vitufe. Ingeweza kulia sasa. Ingeweza kulia baada ya hatua kumi. Mzee wa Muyinga angeuliza swali lake la heshima, na mwanamke huyu angemjibu: binti yako ni mchawi.

*

Askari wa lango la Mahakama aliitwa Gervasi, mtu mzima mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Bakuli alikuwa ameliweka juu ya kiti nje ya kibanda chake, na kuzunguka kile kiti watu walikuwa wameacha nafasi ambayo hata mbwa angeielewa.

“Nani mwenye hii kitu?” akauliza.

“Bakuli yangu,” Mama Sudi akasema. “Vilivyo ndani ni vya huyu mwalimu.”

Theodosia alieleza. Alieleza vizuri kuliko nyumbani, kwa kuwa hofu ikipita kiasi huja na utulivu wake. Gervasi alimsikiliza huku akipiga kijiti kwenye buti.

“Ruhusa iko wapi?”

Akafungua simu. Picha ilikuwa imefika, lakini haikufunguka. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikaonyesha muhuri nusu na kidole gumba cha Sudi.

“Picha ya karatasi siyo karatasi,” Gervasi akasema, bila ukali. “Mwalimu, mi sijui falaki. Najua kazi yangu. Kitu kimefukiwa kwa ukuta wa Mahakama, lazima nikiandike, na we nikupeleke kwa wakubwa. Hawa watu wote wameona.” Akawatazama watu, watu wakamtazama Theodosia. Bibi mmoja aliyekuja na faili lake alimvuta mjukuu nyuma ya kitenge.

“Kuna sanduku la mwisho,” Theodosia akasema. “Bado halijapatikana, nambari zake zimo kwenye simu hii. Kama ni mchezo kweli, simu itatupeleka. Kama hakuna kitu, nipeleke.”

“Unaweza kuwa unajua pa kwenda.”

“Sijui. Sikulificha mimi.”

“Nani?”

Alisita. “Sudi.”

Mama Sudi aligeuka nusu, kama mtu aliyeitwa na sauti ya mbali.

Gervasi alifikiri, akikuna masharubu. “Bon. Tufanye hivi. We usiguse simu. Huyu mama ndiye anakushitaki, yeye ashike.”

Simu ikawekwa kwenye kiganja cha Mama Sudi. Aliishika mbali na mwili wake, kama yai la ndege asiyemjua. Mshale ukaamka. Chini yake nambari: themanini na mbili.

“Hizo ni mita, mama,” Theodosia akasema. “Zikipungua, unakaribia.”

“Nambari najua. Miaka makumi mawili na nane nauza vitenge, nambari zinifundishe mimi?”

Akaanza kutembea. Sabini na moja. Watu wakafuata kwa mbali. Theodosia alikuwa akiomba kimoyomoyo sala za pande zote mbili, za kwao na chache alizozisikia kwa Sudi. Kama mvua imelizoa lile sanduku? Kama mfagiaji amelitupa? Hamsini. Mshale ulipita kwenye benchi refu la saruji chini ya madirisha, na Mama Sudi akapunguza mwendo. Ndilo benchi lake la miezi mitatu. Mshale haukusimama. Ukamvuta mpaka mwisho wa ukuta, ukapinda kona, upande ambao Mama Sudi hakuwahi kufika. Kumi na tisa. Huko kulikuwa na mlango mdogo wa kijani, watu wachache wamepanga foleni na karatasi zao, na juu ya mlango kibao cha maandishi. Sita. Tatu.

“Imesimama,” Mama Sudi akasema. Alikuwa anahema.

Letisia ndiye aliyeinama, kwa kuwa hata hofu haikuwahi kushinda udadisi wake. Chini ya ngazi, nyuma ya bomba la maji, palikuwa na kopo la maziwa limefungwa kwa waya wa simu.

Gervasi alilifungua kwa mkono, bila kijiti. Ndani karatasi moja, imekunjwa mara nne. Akampa Mama Sudi.

“Ndiye umeipata. Soma.”

Mama Sudi aliifungua. Aliitazama. Macho yake yalikwenda juu, yakashuka, na Theodosia akaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona: karatasi ilikuwa imepinduliwa, kichwa chini. Akakumbuka mambo madogo. Maandishi ya dawa ambayo Mama Sudi alimpa amsomee “maana miwani imevunjika”. Ujumbe wa simu aliousoma Sudi kila jioni kwa sauti, kama mchezo. Mwanamke huyu aliweza kukusomea Yasini bila kutazama, na herufi za Kiarabu alizijua kama watoto wake. Hizi za vibao vya milango hazikuwahi kufundishwa kwake.

“Miwani yangu...” Mama Sudi akaanza, akauvuta mtandio mbele ya uso.

“Mama ana haki,” Theodosia akasema upesi. “Mwandiko wa Sudi hata mimi unanishinda, nao nimeuzoea. Niruhusu, mama, nikusomee.” Akaichukua karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza wakati wa kuikunjua, pole pole, kama vile ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Akasoma. “Swali la mwisho. Mlango huu ni wa kazi gani? Mtu mwenye kesi akitaka kujua ataitwa lini, na wapi, anaanzia kwa nani? Ingia, msalimie karani, muulize. Kuuliza si kosa.”

“Haya,” Gervasi akasema, na mabega yake yakashuka. “Hii ni shule kweli.”

“Yoo,” Letisia akasema. “Vumilia aliniambia Jumanne, mama tumetafuta masanduku. Mi nikajua ni zile katuni zake.” Akaachia mkono wa Theodosia. Vidole vyake viliacha alama nne.

Lakini karatasi haikuishia hapo. Chini ya swali Sudi aliandika tena, kwa herufi ndogo, za Theodosia peke yake. Theodosia aliziona zote kwa jicho moja, akaanza kuikunja karatasi.

“Imebaki,” Mama Sudi akasema. “Nini imebaki?”

Angeweza kusema hakuna. Ni nani angejua? Uongo wa tatu, na ungekuwa mwepesi kuliko wote, kwa kuwa aliyeuliza asingeweza kuuona. Alimtazama Mama Sudi machoni. Macho yale yale ya Sudi, marefu, yenye kope za kulala. Asubuhi nzima alikuwa akiyaogopa.

“Imeandikwa hivi,” akasema. “Theo, siku utakayosoma hii mimi nitakuwa Muyinga kwa baba yako, nikikuposa. Mama bado hajui. Naogopa kumwambia, maana akilia mimi huacha kila kitu, na wewe sitaki kukuacha.”

Foleni yote ya mlango wa kijani ilikuwa inasikiliza. Mtu mmoja alikohoa. Letisia alifunika mdomo kwa kiganja, akihifadhi kila neno kwa ajili ya jioni.

Mama Sudi hakulia. Alilichukua kopo la maziwa mkononi mwa askari, akalifunika.

“Afande,” akasema mwishowe, “nipe bakuli yangu. Na hawa watu waende.”

*

Walipobaki wawili, Letisia ameshatangulia na habari zake, Mama Sudi alikaa kwenye ngazi.

“Umeruka mstari,” akasema.

“Mama?”

“Mi sisomi hizi za kwenu. Unajua sasa. Lakini nasoma macho. Jicho lako limefika chini, limeruka, limerudi. Ni nini?”

Theodosia akachuchumaa mbele yake, akashusha sauti. “Ameandika kwamba kopo ameliweka hapa kwa sababu yako. Anasema wanaita watu wa kesi kwenye mlango huu, nawe unakaa upande ule mwingine. Amekuambia mara tatu, unamjibu unajua. Anaomba mimi nitafute njia ya kukuleta, bila kukuaibisha.”

“Hiyo ndiyo umeruka. Ile ya kuolewa umeisoma mbele ya foleni, hii umeruka.”

“Ile ilikuwa yangu, mama. Hii ilikuwa yako.”

Pochi ya Mama Sudi ikaanza kulia. Theodosia alijua ni nani hata kabla simu haijatolewa. Mama Sudi alishika ile simu ndogo, akautazama mwanga wake, hakuitambua namba. Ikalia mpaka ikanyamaza.

“Miezi mitatu bakuli yangu imekaa kwako,” akasema. “Kwa nini hukurudisha?”

“Bakuli la jirani halirudi tupu. Kila nilichopika nilikionja, nikaona hakifai kuingia kwenu. Na sikujua kama mnakula cha sufuria yangu.”

“Ungeuliza.”

“Niliogopa.”

Mama Sudi alitazama mlango wa kijani. Kisha akainuka, akapangusa kitenge, akaingia. Theodosia alimwona kupitia dirishani akimsalimia karani, akisema jina lake, karani akifunua daftari moja, la pili, akiweka kidole.

Alipotoka alikuwa amepauka.

“Wameniita mara mbili,” akasema. “Hapa hapa. Mara mbili, mi niko nyuma ya ukuta nasikiliza ndege. Imebaki Jumatatu ijayo. Nisingekuja Jumatatu, imekwisha.” Akashika ukuta. “Wapangaji wangu, kuku wangu, kaburi la mume wangu pembeni ya ndizi. Imekwisha yote, na mi nakaa.”

Theodosia alinyoosha mkono amshike. Mama Sudi hakuutaka. Aliupita, akaanza kwenda nyumbani.

Theodosia alimfuata hatua tatu nyuma, na kila hatua hofu yake ilipata sura mpya. Kwa askari alikuwa ameogopa watu. Sasa alimwogopa mtu mmoja. Ameijua siri ya Mama Sudi. Nani anataka mkwe anayemjua hivyo? Simu ililia tena penye kona ya soko, ikakatika yenyewe. Muyinga chakula kilikuwa kinapoa chini ya kawa, na Sudi amekaa kwenye kile kiti cha kamba, anajaribu kutabasamu.

Uani, wanawake walikuwa wengi kuliko asubuhi, na yule mwenye jembe alikuwa amegundua shughuli ya haraka nyuma ya choo. Mama Sudi aliwapita wote. Alichota maji, akaliosha bakuli la buluu mwenyewe, kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha kwa maji matupu, akaingia nalo ndani kwake. Mlango ukabaki wazi kiasi cha mkono. Baada ya muda harufu ya wali na maharage na dagaa ndagala wa kukaanga ikatoka.

Theodosia akabaki uani. Chumba chake kilikuwa hatua kumi upande wa kushoto. Hakuweza kwenda huko, hakuweza kwenda popote. Letisia alimletea madaftari yake, yamepanguswa vumbi, akampa bila kumtazama. “Vumilia anasema alipata jibu la swali,” akanong’ona. “Usimkate alama juu yangu.”

Ndani, simu ikalia.

Ikalia mara tatu. Ua wote ukanyamaza.

“Allo. Ndiyo, mama yake Sudi. Nani? Muyinga.” Kimya. “Shikamoo na wewe, mzee, tusalimiane tu, wote tumezeeka.” Kimya kirefu zaidi. Theodosia alihesabu pumzi zake. “Yuko hapo? Hajala? Na we hujala.” Kijiko kiligonga chombo. “Nasikia swali yako, mzee. Swali nzuri. Mi pia ningeuliza. Unataka kusikia kwa mdomo wangu nitampokea vipi.”

Theodosia alifumba macho. Alijua sauti za hukumu zinavyoanza, ameziandika kwenye maswali ya darasa.

“Asubuhi hii alinidanganya juu ya bakuli,” Mama Sudi akasema. “Hiyo nakuambia, usije kusema sikukuambia. Mchana akanisomea ukweli ambao ungeweza kumharibia. Sasa usikate, mzee. Ngoja usikilize.”

Nyayo zikaja mpaka mlangoni. Mlango ukafunguka wote. Mama Sudi alikuwa amesimama pale, bakuli la buluu limejaa wali mkono mmoja, unatoa mvuke, na simu mkono mwingine. Hakuiweka sikioni. Aliishika mbele yake, wazi, kama mtu anayeshika taa ili wengine waone.

“Theodosia,” akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. “Mbona unasimama nje kama mtu wa kuomba njia? Vua viatu, mwanangu, ingia tule.”